Kinyerezi II: Tathmini ya Kituo cha Umeme wa Gesi Kinacholisha Gridi ya Taifa

Kutathmini kituo cha kufua umeme si sawa na kutathmini hoteli au simu, kwa sababu mteja haoni bidhaa yake ikitoka kiwandani na wala hachagui anunue ya nani. Mama lishe wa Magomeni anayeingiza tarakimu za LUKU kwenye mita hawezi kujua kama uniti zake zimetoka kwenye maji ya Kidatu au kwenye gesi ya Mtwara, na bei anayolipa ni ileile. Mimi hufundisha ufundi umeme, naishi upande wa Tabata, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiifuatilia mitambo ya Kinyerezi kwa karibu. Kwa hiyo napima kituo hiki kwa namna kinavyoitumia gesi kinayopewa, na kwa namna kinavyoitika pale gridi inapoelemewa.

Kinyerezi II ni mali ya TANESCO, na kimejengwa pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam kwa fedha zilizotokana kwa sehemu kubwa na mkopo kutoka Japani. Mkandarasi wake mkuu alikuwa kampuni ya Sumitomo, na Rais John Magufuli alikizindua mwezi Aprili 2018. Uwezo wake ni megawati 240. Jirani yake ni Kinyerezi I, kilichoanza na megawati 150 na baadaye kikaongezewa mitambo mingine.

Niliwahi kuwapeleka wanafunzi wangu kukitembelea. Simu na viberiti viliachwa getini, tukavaa kofia ngumu na viziba masikio, na bado muungurumo wa mitambo ulisikika kifuani kabla haujasikika masikioni. Kilichowashangaza vijana ni jengo la vichujio vya hewa, kwani hawakutarajia kwamba mtambo wa gesi hula hewa nyingi kuliko gesi yenyewe. Hewa hiyo huchujwa vumbi, hushindiliwa na safu za mapanga yanayozunguka kwa kasi, huingia kwenye vyumba vya mwako na kukutana na gesi, kisha moto wenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000 husukuma mapanga ya upande wa pili. Rota, yaani mhimili unaobeba mapanga hayo, huzunguka zaidi ya mara 7,000 kwa dakika, na gia huipunguza kasi hiyo hadi mizunguko 3,000 ambayo jenereta inaihitaji ili umeme utoke kwa mawimbi 50 kwa sekunde. Katika chumba cha uendeshaji namba hiyo ya 50 ndiyo inayokodolewa macho kuliko zote. Tulipokuwa pale ilikuwa ikipanda na kushuka kwa vipande vidogo sana vya desimali, na mwanafunzi mmoja aliniuliza ni nani anayeitikisa. Nilimjibu kuwa ni sisi sote, kila tunapowasha pasi, pampu au mashine ya kusaga.

Sifa kubwa ya kituo hiki, ambayo kwa maoni yangu haijasemwa vya kutosha kwa wananchi, ni kwamba hakiutupi moshi wake ukiwa bado na joto. Moshi unaotoka kwenye mtambo wa gesi una joto la zaidi ya nyuzi 500. Katika kituo cha hatua moja, kama Kinyerezi I ambacho mitambo yake imetokana na injini za ndege, joto hilo hupaa angani kupitia bomba la moshi. Kinyerezi II kina mitambo sita ya gesi iliyogawanywa katika makundi mawili, na moshi wa kila kundi hupitishwa kwenye maboila, ukachemsha maji, na mvuke wake ukaendesha mtambo mmoja zaidi. Karibu theluthi moja ya umeme wa kituo hupatikana kwa njia hiyo, bila kuongeza hata futi moja ya ujazo wa gesi. Mtambo wa hatua moja hugeuza kuwa umeme kati ya asilimia 35 na 40 ya nishati iliyomo kwenye gesi, ilhali mpangilio wa hatua mbili huweza kufika karibu nusu. Gesi hii ni yetu, lakini ikishachomwa hairudi tena chini ya bahari ya Kilwa wala ya Mtwara. Kwa sababu hiyo kituo kinachotoa umeme mwingi zaidi kwa kiasi kilekile cha gesi kinastahili kupewa kipaumbele kila mara gridi inapohitaji umeme wa gesi kwa saa nyingi mfululizo.

Kasoro ya kwanza inatokana na hali ya hewa yetu. Nguvu ya mitambo ya aina hii hutangazwa kwa kipimo cha hewa yenye nyuzi 15, joto ambalo Dar es Salaam hailijui. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo mtambo humeza hewa kidogo kwa uzito na kutoa nguvu kidogo. Joto likifika nyuzi 33, upungufu unaweza kufikia asilimia 10 au zaidi. Jambo hili linaniuma kwa sababu msimu wa kaskazi, hasa Februari, ndio ambao feni na viyoyozi vya jiji zima huwa vimewashwa mchana kutwa. Zipo njia za kuipoza hewa kabla haijaingia kwenye mtambo, na kila mpango wa kuongeza mitambo Dar es Salaam ungepaswa kuzipigia hesabu mapema kabla ya kufikiria kununua mashine nyingine.

Kasoro ya pili ni utegemezi wa bomba. Gesi ya Mnazi Bay husafishwa Madimba, mkoani Mtwara, na ile ya Songo Songo husafishwa kisiwani, kisha husafiri mamia ya kilomita hadi jijini. Bomba kubwa lililokamilika mwaka 2015 liliondoa uhaba uliokuwepo, lakini kituo cha gesi hakina ghala la kuweka akiba kama bwawa linavyoweka maji. Hitilafu ikitokea kwenye visima au kwenye mitambo ya kusafishia, Kinyerezi nzima huihisi upesi.

Kuhusu wepesi wa kuwashwa, tathmini yangu imegawanyika. Sehemu ya gesi huamka haraka na huweza kufikia nguvu yake kamili ndani ya nusu saa hivi, lakini sehemu ya mvuke huhitaji saa kadhaa ikiwa imepoa, kwa kuwa chuma kinene cha boila kikipashwa moto kwa pupa hupasuka. Hili limekuwa na uzito mkubwa zaidi tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipowashwa Februari 2024. Bwawa hilo lenye uwezo wa megawati 2,115 limeupunguzia umeme wa gesi mzigo, na nimewasikia watu wakisema kuwa Kinyerezi sasa haina kazi. Siafikiani nao hata kidogo. Mwishoni mwa 2022, mvua zilipochelewa na mito kukauka, jirani yangu mchomelea mageti alikuwa akilala karakanani ili afanye kazi usiku wa manane umeme ukirudi, na wateja wawili walimnyang'anya kazi ambazo alikwisha kuzipokelea malipo ya awali. Mvua zitachelewa tena mwaka mwingine. Siku hizi kuna treni ya umeme kwenda Morogoro na Dodoma, kuna viwanda vipya Kibaha na Mkuranga, na mzigo wa kiangazi kijacho utakuwa mkubwa kuliko ule wa 2022.

Kwa hayo yote nakipa Kinyerezi II alama ya juu kuliko vituo vingine vya gesi ninavyovifahamu hapa nchini, kwa sharti kwamba kitunzwe kama akiba inayotarajiwa kutumika. Mtambo wa gesi hufunguliwa kila baada ya saa maalumu za kazi, mapanga yakakaguliwa moja baada ya jingine kwa kuwa ufa mdogo kwenye panga moja unaweza kuharibu rota nzima. Wakati unaofaa kwa kazi hiyo ni masika, Aprili na Mei, Rufiji na Ruaha zikiwa zimejaa na jiji likiwa limepoa, ili ifikapo Novemba mitambo yote sita iwe imeunganishwa upya, imejaribiwa, na maboila yake yako tayari kupokea moto.