Machela ya kulalia usiku kucha: uzoefu wangu wa kuchagua, kufunga na kuzuia baridi

Ninalala kwenye machela, yaani kitanda cha kitambaa kinachoning'inizwa kwa ncha zake mbili, karibu kila usiku, nyumbani na ninapopiga kambi, na watu huniuliza swali moja kuliko yote: mgongo hauumi? Hauumi. Ila siwezi kusema hivyo kwa kila machela niliyowahi kulalia. Nimetumia fupi na ndefu, za pamba na za nailoni, za bei ya chini na za bei kubwa, na kilichoamua kama nitaamka mzima au nimekakamaa ni urefu wa kitambaa. Wauzaji wengi wanatangaza upana, rangi, na uzito wa mtu inayoweza kubeba, halafu urefu unaandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa. Uanze hapo chini.

Machela inayouzwa kama "ya watu wawili" mara nyingi ina upana wa kama mita 1.9 na urefu usiofika mita 3. Kwa kukaa jioni na kupumzika ni nzuri mno, na ninayo mpaka leo kwa kazi hiyo. Kwa kulala usiku kucha haifai. Ukiwa umejilaza katikati ya kitambaa kifupi, mwili unapinda kama upinde: makalio chini, kichwa na miguu juu, magoti yananyooshwa kupita kiasi. Ule upana wa ziada haukusaidii, unakufunika uso tu na kuzuia hewa. Na mkiwa wawili, nyote mnateremkia katikati mnabanana mabega. Sijawahi kukutana na watu wawili waliolala vizuri humo hadi alfajiri.

Ninayoilalia sasa ina urefu wa mita 3.3 na upana wa mita 1.5 hivi. Kwa mtu asiyezidi mita 1.8 kwa kimo, vipimo hivyo vinatosha. Siri yake ni kulala mshazari. Unajilaza katikati, kisha unasogeza miguu upande mmoja wa mstari wa kati na kichwa upande wa pili. Kitambaa kinajitandaza chini yako, mgongo unanyooka, na unaweza hata kulala ubavu. Katika machela fupi ukijaribu hivyo unakutana na mstari mgumu wa kitambaa kilichokazwa, unaokandamiza nyuma ya magoti na mashavu ya miguu. Ukiuhisi huo, ujue ama machela ni fupi kwako au umeifunga ikiwa imekaza mno.

Watu wa rasi ya Yucatán huko Mexico wanalijua hili tangu zamani. Machela zao zimesukwa kwa nyuzi nyembamba, ni pana sana, na mtu hulala akiwa amekatiza karibu kabisa, usiku baada ya usiku, bila kitanda kingine nyumbani. Kaskazini mashariki mwa Brazili wanatumia za pamba nzito, pana na laini. Columbus alizikuta machela katika visiwa vya Bahamas mwaka 1492, na baadaye mabaharia wa Ulaya wakazichukua melini. Nadhani picha mbaya ya machela imetoka huko: katika jeshi la majini la Uingereza baharia alipangiwa nafasi ya inchi 14, yaani sentimita 36 hivi, kwa hiyo kulala mshazari kusingewezekana. Ukipata nafasi, tumia ule upana wa mshazari. Nimelalia pia ya pamba nyumbani na kwa joto haina mpinzani, maana inafyonza jasho na haitelezi. Porini siibebi. Ni nzito, na ikilowa haikauki upesi. Huko nachukua nailoni nyepesi.

Sasa kufunga, sehemu ambayo naona watu wengi wanaharibu kitu kizuri. Macho yanadanganya hapa. Machela iliyokazwa ikanyooka inaonekana ndiyo itakayokulaza sawasawa, kumbe inayolegea ndiyo inayonyoosha mgongo. Mkanda unapotoka kwenye mti kwenda kwenye machela uteremke kwa pembe ya kama digrii 30 ukiwa umeshalala ndani. Pembe hii ina sababu ya pili, na ni ya usalama. Mtu wa kilo 80 aliyelala kwenye digrii 30 anavuta kila upande kwa nguvu ya kama kilo 80. Kaza mpaka digrii 10, kila upande unabeba kama kilo 230. Ukifika digrii 5 ni kama kilo 460. Mwili ni ule ule, ila kamba, misumari ya ukutani na mti mwembamba vinabeba mzigo wa ng'ombe mzima. Ndiyo maana kamba inakatika usiku, na mwenyewe anabaki kushangaa kwa sababu kwenye lebo iliandikwa inabeba kilo 200.

Kuna njia rahisi ya kuupata mlegeo uleule kila mara: kamba ya juu. Ni uzi imara unaounganisha ncha mbili za machela, wenye urefu wa takriban asilimia 83 ya urefu wa kitambaa. Kwa machela yangu ya mita 3.3 inakuwa kama mita 2.75. Ukishaifunga kwa urefu huo, hata miti ikiwa mbali kuliko jana, machela inakaa na umbo lake. Ukiwa umelala, ibane kwa vidole viwili: ikipinda kidogo umepata, ikiwa ngumu kama waya legeza mikanda. Mimi pia huning'iniza hapo taa na mfuko wa miwani. Kama ningelazimika kuacha vitu vyote vya ziada nikabaki na kimoja, ningebaki na kamba hii.

Miti iliyoachana mita 4 hadi 5 ni umbali mzuri. Kwa mita 4.5, mkanda wangu unafungwa kwenye usawa wa kama mita 1.8 kutoka ardhini, nikikaa naishia kwenye kimo cha kiti, sentimita 45 hivi. Usipande juu zaidi ya hapo, maana hakuna raha yoyote ya ziada na kuanguka kunaumiza. Upande wa miguu naufunga juu kuliko wa kichwa kwa kiasi cha kiganja kirefu, sentimita 20 au zaidi kidogo. Bila hivyo mwili unateremkia miguuni usiku kucha. Kabla ya yote natazama juu: tawi lililokauka linaloning'inia ni sababu tosha ya kuhama, hata kama mahali penyewe pamependeza vipi.

Kwenye mti tumia mkanda mpana, usiopungua sentimita 2.5. Kamba nyembamba inakata gome, na chini ya gome ndipo zilipo njia za chakula cha mti. Mkanda uwe wa poliesta. Nailoni inavutika, hasa ikinyeshewa. Kamba za nailoni zilizokuja ndani ya sanduku la machela moja niliyonunua zilinishusha taratibu usiku hadi nikakaribia kugusa ardhi alfajiri. Kati ya mkanda na machela natumia kamba ya Dyneema, aina ya nyuzi za plastiki zilizo imara sana. Ina unene wa milimita 3 tu, haivutiki kwa kiasi cha kuonekana, na inaweza kushika zaidi ya kilo 700 kabla ya kukatika. Udhaifu wake ni kwamba inateleza kwenye mafundo ya kawaida, kwa hiyo nunua iliyoshonwa au iliyosukwa vitanzi tayari. Kwa kurekebisha urefu, bizimu za chuma ni za haraka kuliko kitu chochote, hata gizani.

Baridi. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kurudi kwenye hema. Kwenye machela hewa inapita chini yako usiku mzima, na begi la kulalia halikusaidii upande huo, kwa sababu uzito wako unalibana, na manyoya au pamba iliyobanwa haishiki hewa tena. Hewa iliyotulia ndani ya begi ndiyo inayotunza joto. Ikiminywa ikatoka, mgongo uko wazi. Watu wanashangaa kutetemeka usiku wa digrii 18, usiku ambao kitandani wangejifunika shuka tu. Wanadhani blanketi la juu ni jepesi, wanaongeza la pili, na bado kiuno kinaganda.

Dawa yake ni mfarishi wa chini: mfarishi, yaani blanketi nene lililojazwa manyoya au pamba, unaoning'inizwa nje ya machela, chini ya mgongo, kwa kamba za mpira. Kwa kuwa hauulalii, haubanwi. Huu ulinigharimu zaidi ya machela yenyewe, na sijutii. Ila unahitaji uvumilivu kuuweka sawa. Ukikaza mno unabanwa na kitambaa na kupoteza kazi yake. Ukilegeza mno unaacha pengo, na hewa baridi inazunguka humo. Lala ndani, pitisha mkono chini ukingoni: mfarishi uguse kitambaa bila kusukumwa. Kisha funga ncha zote mbili, upande wa kichwa na wa miguu, maana upepo huingilia hapo. Hapo kwanza ndipo nilipojua kuwa machela inaweza kuwa na joto kuliko kitanda.

Asiyetaka gharama hiyo atumie mkeka wa sponji ngumu ndani ya machela. Unafanya kazi. Kero yake ni kuteleza na kukuacha mabega wazi, kwa sababu mikeka mingi ni myembamba kwa upana kuliko mtu aliyelala mshazari. Machela yenye tabaka mbili za kitambaa inatatua jambo hilo, mkeka unachomekwa katikati na hauhami. Tabaka mbili zina faida nyingine ambayo kwa maoni yangu haitajwi vya kutosha: mbu. Chandarua kinakulinda juu na pembeni, lakini mbu anauma kupitia kitambaa chembamba kilichokaza mgongoni. Ukiwa na tabaka mbili, au mfarishi wa chini, hakufikii.

Kuhusu turubai sitasema mengi. Liwe refu kuliko kamba ya juu kwa angalau sentimita 30 kila upande, na lifungwe chini upepo ukivuma. La poliesta halilegei likilowa, la nailoni linalegea na itabidi uamke kulikaza. Funga kipande cha uzi kwenye kamba karibu na machela, ukining'inia chini, ili maji yanayotiririka kutoka kwenye mti yadondokee hapo badala ya kukufuata ndani.

Nyumbani kazi kubwa ni mahali pa kufungia. Mlegeo ni ule ule wa porini, na mvutano unaelekea ndani ya chumba, sio chini tu. Ukuta wa zege au tofali lililojaa unafaa kwa bolti za kupanuka zilizopimwa kwa mzigo huo. Mwite fundi anayeufahamu ukuta wenyewe. Kamwe usifunge kwenye nguzo ya matofali iliyosimama peke yake bila kushikwa na paa au boriti. Nguzo za namna hiyo zimewahi kuangukia watu na kuua, wakiwemo watoto. Asiyeweza kutoboa ukuta achukue fremu ya chuma, ila apime kwanza, maana fremu nyingi zinazouzwa ni fupi kwa machela ya mita 3.3 na zitamrudisha kwenye tatizo la mwanzo. Na mtoto mchanga asilazwe humo hata kwa dakika za usingizi wa mchana. Yeye anahitaji kitanda kigumu na tambarare, kwa kuwa shingo yake ikipinda njia ya hewa inaweza kuziba.

Je, kubembea kunaleta usingizi kweli? Watafiti wa Geneva waliwalaza wanaume 12 kwenye kitanda kinachobembea taratibu, matokeo yakachapishwa mwaka 2011: waliingia usingizini haraka zaidi walipolala mchana. Mwaka 2019 walichapisha jaribio la usiku mzima kwa vijana 18, na usingizi mzito uliongezeka. Kile kilikuwa kitanda cha mashine kisichoacha kubembea, wakati machela inatulia baada ya dakika chache, kwa hiyo sitadai kuwa ni kitu kimoja. Kwangu zile dakika chache zinatosha.

Anayelala kifudifudi machela haitamfaa, na sijaona mbinu ya kulizunguka hilo. Mwenye nyonga au magoti yanayosumbua ajaribu kwanza kuingia na kutoka kwenye machela ya mtu mwingine kabla ya kununua. Wengine wote, nunueni kwa mpangilio huu fedha zikiwa kidogo: kitambaa kirefu, mikanda ya poliesta, kamba ya juu, halafu mfarishi wa chini. Mifuko ya pembeni, rangi mbili na begi la kubebea viachieni wenye fedha za kuchezea.

Yangu ya nyumbani naishusha kila baada ya muda, naifua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, naianika kivulini. Jua hudhoofisha nailoni. Kinachochakaa mapema zaidi ni pale kitambaa kinapokunjwa kwenye ncha na kitanzi kinaposuguana na chuma. Ninapoifunga tena napitisha kidole hapo kwanza, na kitanzi kikianza kutoa manyoya nakitupa na kuweka kipya.