Mji wangu ulipoliwa na pongezi

Nilisema nisiandike nikiwa na hasira. Nimelala, nimeamka, hasira iko palepale, kwa hiyo naandika.

Jina la gemu nalihifadhi. Ni la kujenga mji, nacheza kwenye kikonsoli cha mkononi nilichonunua cha mtumba Kariakoo. Kijani makazi, bluu biashara, njano viwanda, ukipandisha kodi watu wanahama. Anayeyacheza anajua.

Mji ule niliujenga ndani ya daladala. Asubuhi nikitoka Mbagala, jioni nikirudi, kwa muda mrefu tu. Ukikwama foleni ya Mtoni, goti la jirani limekuingia ubavuni, unawanyooshea watu wako barabara ambazo wewe mwenyewe huna. Bonde la mto niliacha tupu, sikugawa kiwanja. Mtu aliyeiona Jangwani ikijaa maji hafanyi utani na bonde. Na nyuma ya stesheni ya treni kulikuwa na kimtaa chembamba, nyumba sita, mwembe mmoja. Kila nikiwasha naanzia pale, naangalia kama taa zimewaka.

Sasa lile tukio. Taa ya betri ikawa nyekundu. Nikasema niseve haraka. Kabla sijafika kwenye menyu, akachomoza yule mshauri mwenye tai, yule asiye na kazi nyingine: wananchi wanataka zimamoto. Nikamfuta. Akarudi: takataka zimezidi. Nikamfuta. Akarudi mara ya tatu, anatabasamu: hongera, mji wako umefikisha watu elfu hamsini! Fataki. Na fataki haziruki, bonyeza utakavyobonyeza, mpaka ziishe zote. Kituo changu kikapita naziangalia. Konda akaniuliza, "Braza, unashuka au umehamia?"

Zilipoisha nikaseva. Kuseva mji mkubwa kwenye gemu hili unaweza kumenya chungwa ukalimaliza. Kimstari kikatambaa, kikafika karibu na ukingo, kioo kikawa cheusi.

Nyumbani nikachomeka chaji. Faili limeharibika. Chini yake kitufe kimoja: Sawa.

Sawa nini?

Betri ni kosa langu, nakubali, sitaki mtu aje kunikumbusha. Lakini faili la zamani lilikosa nini? Karani wa kata mwenye akili zake hachani daftari la mwaka jana kabla hajamaliza kunakili jipya. Gemu hili linaandikia juu ya lile lile, na nafasi ya kuseva imewekwa moja tu. Mtu alikaa akaamua hivyo, na mshahara akalipwa.

Will Wright alikuwa anatengeneza gemu la kulipua visiwa, Raid on Bungeling Bay, akagundua kuvichora kuna raha kuliko kuvipiga mabomu. Hapo ndipo ilipotoka SimCity, gemu lake la kujenga mji la mwaka 1989. Hawa wa kwangu wamerudi nyuma: wanakuchoresha kwanza, halafu wanakulipua. Na fataki juu.

Nyota moja.

Haya, nisiwe mchoyo. Hakuna gemu jingine lililowahi kunifanya nisahau foleni. Treni zake zina mlio mtamu, na usiku ukiingia, madirisha yanawaka moja moja, siyo yote kwa mpigo. Aliyefanya lile la madirisha Mungu ambariki. Kwa hilo tu nilikuwa tayari kutoa tatu, hata nne.

Halafu nikakumbuka kwamba niliwaandikia huduma kwa wateja. Nimeeleza kila kitu, mpaka mwembe nimeutaja. Wamejibu: je, umejaribu kuzima na kuwasha tena? Ndugu zangu, kuzimika ndiko kulikoniua! Kwa hiyo moja. Na hiyo moja ni ya madirisha, wao hawana chao.

Juzi usiku nimeanza mji mwingine, usiniulize kwa nini. Nimeipanga stesheni kama ile, kimtaa nikakichora kwa kukumbuka. Nyumba tano zimeota. Ya sita inagoma, pamebaki kiwanja chenye nyasi, na mwembe umeangukia upande usio wake. Naseva kila baada ya barabara mbili, betri ikiwa zaidi ya nusu, waya wa chaji umechomekwa.

Weka mbili. Ngoja kwanza, mshauri ameshachomoza.