Tuisheni ya hisabati Nyegezi: kugawanya sehemu wanafundisha vizuri, ila mjiandae na mbanano

Kama mtoto wako yuko la tano au la sita na akikuta alama ya kugawanya katikati ya sehemu mbili anaanza kutafuna kalamu, mpeleke. Hilo ndo jibu langu fupi kwa wazazi wote mnaoniulizaga kama ile elfu 20 ya mwezi ya tuisheni ya Nyegezi, hapa Mwanza, inalipa. Inalipa, ila sio kwa kila mtu na sio kwa kila mada, ntaeleza.

Jina siweki kwa sababu hakuna jina, hata kibao hakuna. Ni mwalimu mstaafu anafundishia uani kwake, kule juu kwenye mawe, ukishuka stendi ya Nyegezi unapanda boda buku unafika. Anafundisha jumamosi asubuhi na jumapili jioni. Watoto wa shule za serikali na wa inglishi midiamu wanakaa pamoja, huyu anasema asili (namba ya chini) na kiasi (ya juu), yule anasema dinominata, mwalimu anachukua zote anaendelea, hagombani na mtu.

Sasa kilichonifanya niandike. Mwanangu alikuwa anajua ile ya "geuza ya pili, zidisha", shuleni waliimbishwa mpaka ikakaa. Shida yake akishaimba hajui ageuze ipi, siku nyingine anageuza ya kwanza, siku nyingine zote mbili, na ukimpa ya kuzidisha kabisa nayo anageuza. Alafu jibu lolote likitoka kwake sawa tu. Nusu ndani ya robo tatu anakwambia zipo theluthi mbili, mtu mzima unajiuliza nusu inaingiaje kwenye robo tatu isifike hata mara moja, ye wala hashtuki.

Huyu mzee haanzi na kugeuza. Siku ya kwanza nilimkuta ameweka mezani mzani wa dukani na mawe yake, na dagaa wa Mwaloni, lile soko la samaki, kwenye beseni. Akapima robo tatu ya kilo, akauliza tukifunga vifuko vya nusu robo tunapata vingapi. Watoto wa Mwanza nusu robo wanaijua, wanatumwaga sukari hiyo kila siku, kwa hiyo kabla hajashika mzani kuna waliosema sita. Wakapima, sita kweli. Ndo akaandika ubaoni 3/4 ÷ 1/8 = 6. Kuna kabinti kakauliza mbona tumegawanya alafu jibu limekuwa kubwa kuliko tulichoanza nacho, mzee akafurahi kweli, akakaambia rudia swali wenzako wasikie, kisha akawaachia wabishane wenyewe. Walipomaliza kelele wengi walishaelewa kwamba pale swali ni "ngapi zinaingia", na ukipunguza ukubwa wa kifuko lazima vifuko viongezeke.

Ila dagaa ni rahisi, vinaisha sawasawa. Pale nilipomvulia kofia ni kwenye 2/3 ÷ 1/2. Kila mtoto alikuwa na ukanda wa karatasi, akaukunja ukatoa vipande sita sawa. Theluthi mbili ni vipande vinne, nusu ni vipande vitatu. Nusu inaingia mara moja, kinabaki kipande kimoja. Darasa zima likaandika moja na moja ya sita. Na mimi mzazi niliyekaa nyuma kwenye ndoo nilikuwa upande wao yaani, maana kipande kimoja kati ya sita si ndo moja ya sita? Mzee hakusema mmekosa. Akauliza: tunahesabu kwa nini hapa, kwa ukanda au kwa nusu? Kwa nusu. Haya, nusu ina vipande vingapi? Vitatu. Kwa hiyo hicho kilichobaki ni sehemu gani ya nusu? Kimya kidogo, kisha mmoja akasema theluthi! Jibu ni 1 1/3, ile moja ya sita ni ya ukanda mzima na sisi hatukuulizwa ukanda. Hii kitu nimesoma mpaka chuo sijawahi kuonyeshwa.

Kutoka hapo anawapa njia ya kulinganisha asili kwanza. 2/3 inakuwa 4/6, 1/2 inakuwa 3/6, asili zikishafanana unagawanya kiasi kwa kiasi, 4 kwa 3. KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, wameshaisoma kwenye kujumlisha, kwa hiyo hamna kitu kigeni. Kugeuza anakuja nako mwishoni, karibu mwezi umeisha, tena anawapitisha: mzima mmoja una robo ngapi, nne. Haya ukiwa unazichukua robo tatu tatu, kwenye mzima zinaingia mara ngapi, nne gawanya kwa tatu, 4/3. Mbona hiyo ni 3/4 imepinduliwa! Basi kwenye vizima viwili ni mara mbili yake, kwenye nusu ni nusu yake, na ndo kuzidisha kunakoingilia. Wanaigundua wao alafu wanaringa nayo nyumbani.

Kitu kingine, hakuna mtoto anayeruhusiwa kushika kalamu kabla hajasema jibu litakuwa zaidi ya moja au chini ya moja. Hii pekee imemtibu wangu ugonjwa wa kugeuza ya kwanza, maana akipata kichekesho anakiona mwenyewe.

Haya sasa malalamiko. Mbanano. Mabenchi matatu, watoto wanaumana viwiko, wakichelewa wanakaa kwenye jiwe. Mvua ikipiga bati hamsikilizani, kipindi kinaisha hapo na hakifidiwi. Saa mbili ya mzee ni saa mbili na nusu, na ukilalamika anakusalimia kwa Kisukuma mwangaluka, karibu chai. Madaftari hasahihishi yote, anasahihisha ya mbele wengine wanakaguana, kwa hiyo jioni pitia mwenyewe hasa maswali ya sehemu mchanganyiko, maana wengi wanageuza 2 1/4 bila kuifanya sehemu guni kwanza, yaani 9/4, wanapindua robo tu ile 2 inabaki imesimama. Hilo mzee analisema ila halikazii vya kutosha. Na nusu kugawanya kwa 3 kaipitia mbio mno.

Maumbo na eneo sikuona cha ajabu, anakopi ubaoni kama wengine. MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) vile vile.

Kuna mama alitoa mtoto wake akasema wanapotezewa muda na karatasi wakati mtihani wa la saba una maswali ya kuchagua na saa inakimbia. Namwelewa. Ukitaka spidi nenda kwa vijana wanaofundisha kule mjini, wanapiga maswali mpaka mkono unauma, na kwa mtoto ambaye tayari anaelewa hao ni wazuri zaidi. Kwa ambaye bado anabahatisha utalipa hela umfundishe kubahatisha haraka.

Mkienda bebeni daftari la maboksi, mkasi na rula, na mtoto awe anajua tebo angalau mpaka ya 9, asiyejua anarudishwa siku hiyo hiyo bila aibu. Nafasi zinajaa januari. Wa la saba hachukui kuanzia mwezi wa sita, anasema kwa mtihani wa septemba hapo ni kumsumbua mtoto, na msijaribu kumbembeleza, kuna mzazi alipanda na sato wawili wakubwa, sato wakapokelewa kwa shukrani, mtoto akarudi naye nyumbani.