Fidla ya 12,000: chombo chenyewe si kibaya, shida ni vilivyokuja nayo

Wazee, hii fidla ya Kichina nshakaa nayo miezi minne hapa Kibokoni, Mombasa, kwa hivyo naweza kusema. Nilinunua duka moja mjini, jina niliwache, shilingi 12,000 pamoja na begi, upinde na rozini (ule utomvu mkavu wa kupaka nywele za upinde), na muuzaji kaniapia ukifika nyumbani ni kupiga tu. Nafungua begi, daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, limelala, halafu nikitikisa kuna kitu ndani chagonga ko ko ko. Kumbe ni kile kijiti kinachosimama kati ya kifua na mgongo wa fidla, kimeanguka, na bila hicho ukikaza nyuzi kifua chaweza kubonyea.

Mimi sikujua, nkasimamisha daraja kwa kubahatisha nkapitisha upinde... kimya. Kama napangusa vumbi. Nywele za upinde mpya hazina rozini hata chembe, na ile rozini yenyewe yang'aa kama pipi, haishiki mpaka uikwaruze na msasa itoe unga. Nilipoikwaruza sauti ikaja, mamangu akauliza jikoni nani anaburura kiti.

Ikabidi nimpelekee mzee mmoja wa Makadara aliyekuwa akipiga taarab zamani. Akaingiza waya uliopinda kwa tobo moja la yale mawili ya kifuani akasimamisha kijiti, daraja akalipunguza maana lilikuja nene kama gogo, akalichonga miguu mpaka ikalala kwa mbao, akaliweka sawa na vile vikato vya ndani vya hayo matobo mawili. Nyuzi za chuma akazitoa zote, nkanunua za nailoni 3,500. Sauti ikawa na kifua jamani, si ile ya bati! Alivyomaliza akazikaza zile nyuzi nne kwa sauti za G D G D, za nyimbo za Kiarabu, nkamwambia mzee wangu nirudishie G D A E mimi nafuata masomo ya Yutubu, akaguna tu. Pesa alikataa.

Masika funguo za kukazia nyuzi zilivimba zikakwama, nkazichora penseli pale zinapoingia zikalainika. Na upinde ulegezeni mkimaliza, wangu ushaanza kupinda.

Fidla naipa 3 kwa 5, upinde 1, rozini sifuri. Ukiwa huna mtu wa kuitengeneza usiinunue. Uzi wa E hadi leo walia kama mbu, huo umenishinda.