Kampuni au tajiri wa gari moja: dereva mpya wa semi aanzie wapi?

Leseni daraja E unayo, barabara ya Dar–Tunduma unaitamani.

Kwa hela, tajiri mnaelewana kwa mdomo. Akipata mzigo wa kurudi, unashika vizuri. Kampuni inalipa mshahara hata gari likilala, na NSSF juu, ila mafuta yanapimwa kwa lita. Wazo la kuuza dumu njiani liache nyumbani.

Tofauti kubwa ni matunzo. Kampuni nzuri ina gereji, na gari halitoki bila breki na matairi kukaguliwa. Kwa tajiri, fundi ni wewe na utingo wako: tairi likipasuka usiku Mikumi, jeki mnaishika wenyewe. Unaiva haraka, kweli, lakini kuteremka mlima Kitonga na tani 30 kwa breki za kubahatisha sio shule. Muulize tajiri breki za trela zilifunguliwa kukaguliwa lini. Akianza kucheka, rudisha funguo.

Foleni ya mpakani Tunduma haimjui bosi wako.

Aliyetoka kwenye utingo, anayejua njia, tajiri anamfaa. Mwenye ada za watoto kila muhula akomae na kampuni, ingawa nyingi zinataka uzoefu kwanza.