Kamera ya picha za watu na mandhari: anza na lenzi

Vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii ya kupiga picha huniuliza wanunue kamera gani. Nami huwauliza: lenzi umeshachagua? Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, utaibadilisha baada ya miaka michache, lakini lenzi nzuri utazeeka nayo. Ndiyo maana nimezipanga kamera hizi kwa kuangalia lenzi zake, tena za mtumba, maana ndizo tunazozimudu wengi wetu.

Lenzi ya kwanza iwe ya milimita 85, f/1.8. Milimita zikiwa nyingi lenzi inavuta karibu, zikiwa chache inaona pana; namba ya f ikiwa ndogo, mwanga mwingi unaingia na nyuma ya mtu panafifia. Mtu ukimpiga nayo kutoka hatua tatu au nne, pua haivimbi, masikio yanakaa mahali pake, na kanga zilizoanikwa nyuma yake zinayeyuka zikabaki rangi tu. Lenzi hiyohiyo inafaa kwa mandhari pia. Simama Moshi asubuhi, mawingu hayajafunga, upige Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwa milimita 16: mlima wa mita 5895 unageuka kichuguu nyuma ya nyaya za umeme. Weka 85, mlima unajaa kwenye picha na barafu inaonekana. Lenzi pana isubiri siku utakayopanda Lushoto ukasimama kwenye jabali la Irente, tambarare yote imelala chini yako.

Namba moja kwangu ni Nikon D750 ya mwaka 2014, fremu kamili (sensa yake, kipande kinachopokea mwanga, ina ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35), megapikseli 24, pamoja na lenzi ya Nikon yenyewe, AF-S 85mm f/1.8G. Ni nzito, bodi tupu gramu 750, lakini betri moja inapiga takriban picha 1230 kwa kipimo cha kiwanda. Na faili zake ni vumilivu sana. Mtu uliyempiga chini ya mwembe saa saba mchana, ukimwinulia kivuli kwenye kompyuta, ngozi nyeusi inatoka na rangi yake, haigeuki majivu. Baadaye ukihamia mfumo wa Z, yaani kamera mpya za Nikon zisizo na kioo cha kuakisi ndani, kiungio kiitwacho adapta ya FTZ kitaibeba lenzi hiyo, na fokasi ya otomatiki itafanya kazi.

Ya pili ni Sony a7 III ya 2018. Fokasi yake inashika jicho na kulifuata, raha tupu kwa mtoto asiyetulia. Sigma, Tamron na Viltrox wote wanaitengenezea lenzi. Ile ya Tamron 17-28mm f/2.8 ina gramu 420 tu. Kama bei isingekuwa kikwazo, ningeiweka juu ya Nikon.

Ya tatu ni ya mwenye mfuko mdogo: achukue Canon ya sensa ndogo kuliko fremu kamili (APS-C) na lenzi ya Canon ya 50mm f/1.8 STM. Kwenye sensa hiyo, 50 inaona kama 80 ya fremu kamili, kwa hiyo tayari una lenzi ya watu yenye gramu 160. Na ukikwama harusini, mwenzako wa pembeni aghalabu ana Canon, utaazima.

Fujifilm X-T3 naiweka ya nne. Ni nyepesi, gramu 539 pamoja na betri na kadi, rangi zake nazipenda mno, ila lenzi zake za mtumba huku kwetu huziona kwa nadra.

Sasa, kabla hujatoa hela, washa tochi ya simu, imulike nyuma ya lenzi, nawe uchungulie kwa mbele. Mimi niliwahi kununua lenzi jioni, dukani taa hafifu, nikafika nyumbani Tanga nikakuta ndani nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Ni fangasi. Unyevu wa pwani unaikuza, na ikishakula kioo, hata fundi akisafisha alama inabaki. Picha za kupiga dhidi ya jua zote zilipauka. Tangu hapo lenzi zangu hazilali kwenye mkoba. Zinalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, ambavyo navibadilisha vikishalowa. Ukiona uzi hata mmoja, mrudishie muuzaji lenzi yake.