Kufuatilia tishali kuukuu la mifereji ya Uingereza: daftari la upimaji au la usajili?

Kama bamba la namba ya upimaji bado lipo, anza na daftari la upimaji, yaani kumbukumbu ya jinsi tishali lilivyozama kwa kila tani, iliyotumika kutoza ushuru wa mfereji. Tishali lilipakiwa mawe ya mizani tani baada ya tani, na kila mara ubavu uliobaki juu ya maji ukapimwa kwa inchi. Baadaye, safarini, karani wa ushuru alichovya kijiti chake pande zote mbili, akatafuta wastani, akasoma tani kwenye jedwali hilo. Ukurasa huo kwa kawaida hukupa mmiliki, vipimo na tarehe. Hausemi nani aliishi humo.

Hayo yamo kwenye usajili wa halmashauri, uliowekwa na sheria ya 1877 na kukazwa 1884: nahodha, njia, shehena na idadi ya watu walioruhusiwa kulala chumbani. Lakini matishali ya kutwa ya Birmingham yasiyo na chumba cha kulala hayamo.

Usilifuate jina peke yake. Mmiliki mpya aliweza kulibadilisha, na kampuni ziliyarudia majina. Linganisha namba, urefu na tarehe. Hifadhi ya nyaraka za mifereji iliyoko Ellesmere Port, Uingereza, ina madaftari mengi ya upimaji.